Kula, Kulana, Kulisha: Rasimu ya Istilahi za Sataranji Yapimwa kwa Mchezo Mmoja

Kwa muda wa miezi kadhaa imekuwapo mezani petu rasimu ya orodha ya istilahi za mchezo wa sataranji. Waliiandika walimu wanaotaka kufundisha mchezo huo kwa Kiswahili katika shule zao, nasi tukatakiwa kutoa maoni kabla haijafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji. Orodha ina maneno 64. Twadhani idadi hiyo haikutokea kwa bahati, maana ubao wa sataranji una miraba 64, na kete za bao letu la Kiswahili nazo ni 64.

Aghalabu orodha za namna hii husomwa kutoka juu hadi chini, neno kwa neno: hili lafaa, hili halifai, hili lirudishwe kwa mwandishi. Ndivyo zilivyosomwa nyingi katika zile zilizokuja kuchapishwa katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na hatuna nia ya kuidharau kazi ile, kwani bila yake maofisa wengi wa serikali wangekosa pa kushika. Lakini njia hiyo ina upungufu mmoja. Neno likiwa peke yake katika orodha halina kosa. Kosa lake huonekana siku lipewapo kazi. Kwa hiyo tuliamua kuipa orodha hii kazi. Tulichukua mchezo mmoja wa mabingwa, tukausimulia kwa Kiswahili tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, tukitumia maneno ya orodha tu, mbele ya watu watakaoyasikia kwa mara ya kwanza.

Baraza tulilolichagua liko Ngamiani, Tanga. Hatukulichagua kwa mapenzi peke yake. Pwani ile, kuanzia Moa hadi Pangani, bao bado ni mchezo wa alasiri, na lugha yake ingali hai midomoni mwa watu. Kwa hiyo ni mahali panapofaa kuuliza kama lugha ya mchezo mgeni imesemwa sawasawa. Waliotusikiliza walikuwa wazee watatu wacheza bao, mwalimu mmoja mstaafu, na wanafunzi wawili wa sekondari ambao hucheza sataranji na waliotusaidia kusogeza kete. Kahawa ilikuwapo. Mazungumzo yalichukua saa tatu, na kabla hatujafika katikati ya mchezo orodha ilikuwa imekwisha kuzidiwa.

Tuanze na majina ya kete, ingawa kwa maoni yetu hapo si penye ugomvi mkubwa. Jina la mchezo lenyewe, sataranji, ni la zamani katika Kiswahili. Limetujia kwa Kiarabu, nacho kililipata kwa Kiajemi, na asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya jeshi la pande nne: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Mfalme wa mchezo huu kwa Kiajemi ni shah, na twafurahi kuona kwamba waandishi wa orodha wamempa jina la shaha. Watu wa Tanga hawahitaji kufafanuliwa neno hilo, maadamu wanamjua shaha wa malenga. Malkia, farasi na askari hawakuleta swali, ingawa wako wanaomwita askari kitunda. Malkia kwa Waarabu na Waajemi alikuwa waziri, na alikuwa mnyonge, akienda mraba mmoja tu kwa wakati. Alipata jinsia yake Ulaya, na nguvu zake huko huko mwishoni mwa karne ya 15. Mzee mmoja alipoambiwa habari hiyo alisema kuwa hajapata kusikia waziri aliyepandishwa cheo namna hiyo.

Swali gumu lilikuwa juu ya kete ile iendayo mshazari, ambayo Waingereza huiita askofu. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amependekeza iitwe ndovu, kwa hoja kwamba Waarabu huiita fil na Warusi huiita slon, na maneno yote mawili maana yake ni tembo. Hoja hiyo ni ya kitaalamu na kwa karatasi haina dosari. Lakini Tanga kuna watu waliojifunza sataranji kwa majirani zao Wahindi, na kwa Wahindi hathi, yaani tembo, si kete ya mshazari hata kidogo: ni ile ya pembeni iendayo moja kwa moja, ambayo sisi twaiita ngome. Kete ya mshazari kwao ni ngamia. Tukisanifisha ndovu, basi katika mtaa mmoja neno moja litakuwa na maana mbili, na kila mmoja atakuwa na ushahidi wa karne nyingi nyuma yake. Wajerumani huiita mkimbiaji, na kwa muda tulilitamani neno tarishi, ambalo kila mtumishi wa ofisi analijua. Hata hivyo wanafunzi wetu wawili walikuwa wamekwisha kusema askofu mara kumi kabla hatujafungua mdomo. Tumeliacha askofu.

Ngome nayo iliponea chupuchupu. Mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote alipinga papo hapo: ngome haitembei. Mtu ataogopaje ngome inayomfuata? Tukamweleza kwamba Warusi na Wabengali huiita kete hiyo chombo cha majini, na nyuso za wote zikang'aa. Jahazi! Jahazi huenda mbali na moja kwa moja, mradi maji yawe wazi. Na mstari usio na kete si maji yaliyo wazi? Kwa muda wa robo saa tulikuwa tumekwisha kuisanifisha jahazi mioyoni mwetu. Aliyeizamisha alikuwa mvuvi wa Kigombe aliyepita kuuza samaki, akasimama kusikiliza. Alisema jahazi huenda moja kwa moja likipata upepo wa nyuma. Upepo ukiwa wa mbele jahazi hubisha, huku na huku, mshazari kwa mshazari. Basi jahazi ni yule askofu wenu. Hatukuwa na jibu. Tunaiandika habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi istitiari nzuri inavyoweza kumpendeza mfasiri na kumchekesha mwenye kazi yake.

Sasa mchezo wenyewe. Tulichagua ule wa José Raúl Capablanca wa Kuba na Savielly Tartakower, uliochezwa New York mwaka 1924. Capablanca alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921. Mashindano yale hayakumpa ushindi wa kwanza, kwani Emanuel Lasker alimtangulia, tena humo humo Richard Réti alimshinda Capablanca, aliyekuwa hajashindwa kwa miaka minane. Mchezo wake na Tartakower, hata hivyo, umebaki katika vitabu vya mafunzo mpaka leo kwa sababu ya mwisho wake.

Hapa lazima tuseme neno juu ya cheo. Orodha imetoa bingwa kwa mtu aliyepewa daraja ya juu kabisa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, daraja lililoanza kutolewa rasmi mwaka 1950. Tartakower alikuwa miongoni mwa watu 27 wa kwanza kulipata, na Capablanca, aliyefariki mwaka 1942, hakulipata kamwe. Lakini bingwa ni pia yule aliyeshinda mashindano. Kwa hiyo, kwa maneno ya orodha, Capablanca bingwa si bingwa, na Tartakower ambaye hakupata kuwa bingwa wa dunia ni bingwa. Wacheza bao husema fundi na husema bingwa. Twapendekeza daraja liwe fundi mkuu, na bingwa abaki kuwa mshindi. Daktari bingwa hatadhurika.

Awamu ya kwanza ya mchezo orodha huiita ufunguzi. Tulipotamka kwamba katika ufunguzi Capablanca alisogeza askari wa mbele ya malkia miraba miwili, mwalimu mstaafu aliuliza mgeni rasmi alikuwa nani. Hakuwa anafanya mzaha peke yake. Ufunguzi kwa Kiswahili cha leo ni sherehe: kuna utepe, kuna hotuba, na kazi huanza baadaye. Katika sataranji kazi imekwisha kuanza. Bao lina neno lake. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi, na huziingiza ubaoni moja baada ya moja. Awamu hiyo huitwa kunamua. Tofauti ipo, na hatuifichi: kete za sataranji zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Lakini farasi aliyeko nyuma ya askari, na askofu aliyezibwa, ni kama kete iliyo mkononi. Ipo, ila haijaingia katika vita. Kumtoa ni kumnamua. Tukasema: Capablanca amemnamua farasi, amemnamua askofu, shaha wake ameingia ngomeni. Hakuna aliyeuliza maana.

Tartakower alijibu kwa kinga iitwayo ya Kiholanzi, ambayo asili ya jina lake ni kitabu cha Elias Stein kilichotoka The Hague mwaka 1789. Twasema kinga, wala si ulinzi kama ilivyo katika orodha, kwani ulinzi ni kazi ya kudumu ya mlinzi na kinga hupangwa dhidi ya jambo linalojulikana. Katika hatua ya nne askofu wa Capablanca alikwenda g5, akamlenga farasi wa Tartakower aliyesimama mbele ya malkia wake. Farasi akiondoka, malkia ataliwa. Orodha imeandika kupigilia msumari. Wazee walisikia msumari, wakatafuta seremala. Katika bao kuna kutakasia, yaani kucheza kwa namna ambayo shimo fulani la mwenzako lafungwa, asiweze kulitumia. Tulidhani tumepata neno. Mzee wetu alitusahihisha kwa upole. Mtu akitakasiwa, alisema, ni sheria inayomkataza. Huyu farasi wenu anakatazwa na nini? Tukakiri kwamba anakatazwa na hofu tu: sheria inamruhusu aondoke na malkia aliwe. Kumbe sataranji ina vifungo viwili, kile cha mbele ya shaha, ambacho ni sheria, na kile cha mbele ya malkia, ambacho ni hofu. Kutakasia chafaa kwa cha kwanza. Kwa cha pili kubana chatosha. Orodha ilikuwa na neno moja kwa vyote viwili, nasi tulikuwa karibu kuongeza kosa hilo hilo kwa neno la kienyeji.

Tuliposonga mbele tulikutana na jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike makala haya. Orodha ina majina 58 na vitenzi sita. Kwa kila jambo litokealo kete inapoondolewa ubaoni, waandishi wameunda jina: utekaji, ubadilishanaji, dhabihu, uwezekano wa kutekwa. Kila moja lina mantiki. Lakini jaribu kusimulia hatua ya tisa hadi ya 11, ambapo farasi wa Tartakower aliingia e4, askofu akamla askofu, farasi akamla farasi, askari akamla farasi, malkia akamla askofu. Kwa maneno ya orodha tulisema kwamba ulifanyika ubadilishanaji wa maaskofu ukifuatana na ubadilishanaji wa farasi kwa njia ya utekaji. Mwanafunzi mmoja alisema: "Babu, maana yake wamelana."

Wamelana. Neno lilikuwapo. Kiswahili kina kitenzi kula, ambacho wacheza bao, dama na karata wote wanakitumia, na mnyambuliko wake unafanya kazi yote ambayo waandishi wa orodha walikwenda kuitafuta mbali. Kete hula. Kete huliwa. Kete mbili za nguvu sawa zikiondoshana, zimelana. Kete isiyo na mlinzi, ambayo adui akitaka ataiondoa, inalika. Na mchezaji akimwachia mwenzake kete kwa makusudi, amemlisha. Vyote hivyo mtoto wa miaka saba anavijua kabla hajaingia darasani, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kukaririwa. Twajua wako watakaosema kwamba kulana kutawachekesha wanafunzi kwa sababu ya maana nyingine za mitaani. Watacheka siku ya kwanza. Siku ya pili watacheza.

Udhaifu huu si wa waandishi wa orodha peke yao. Ni wa kwetu sote tulio katika kazi hii. Tumezoea kwamba istilahi ni jina. Fomu zetu zina safu ya neno la Kiingereza na safu ya neno la Kiswahili, na neno la Kiingereza likija likiwa jina, nasi twalijibu kwa jina. Kiingereza huweka uzito wake katika jina, Kiswahili huuweka katika kitenzi. Matokeo ni zile sentensi tunazozijua katika nyaraka za ofisi, ambamo hakuna mtu afanyaye jambo: kuna ufanyikaji wa utekelezaji wa mapitio. Mchezo wa sataranji ukisimuliwa hivyo hupoteza wachezaji wake.

Katikati ya mchezo tutapita upesi. Capablanca alibaki na askari wawili waliofuatana katika mstari wa c, jambo ambalo kwa kawaida ni udhaifu, lakini alipata nafasi ya kuwapeleka askari wa upande wa shaha. Katika hatua ya 25 na 26 walilana malkia, wakalana ngome moja moja. Kila mmoja akabaki na ngome moja. Capablanca ana askofu, Tartakower ana farasi. Capablanca akafungua mstari wa h, akaiingiza ngome yake, na katika hatua ya 30 ikafika h7. Hapo ikamfungia shaha wa Tartakower katika safu ya nyuma kabisa. Wazee wa bao, ambao mchezo wao una safu ya mbele na safu ya nyuma, waliielewa hali hiyo kuliko wanafunzi.

Katika hatua ya 32 farasi wa Tartakower aliruka e3, akamlenga shaha. Orodha husema tishio. Lakini tishio mtu aweza kulipuuza, na katika sataranji kete nyingi hutishwa zikaachwa vivyo hivyo. Shaha akilengwa hana hiari, lazima ajibu. Tuliuliza barazani: ni jambo gani ambalo mtu kwetu hawezi kuacha kulijibu? Wakajibu pamoja kwamba ni hodi. Basi farasi amempigia shaha hodi. Tunajua pendekezo hili litaletewa kicheko katika kamati, nasi hatutalipigania kufa na kupona. Lakini mwenye neno lingine lenye sharti hilo la kujibu na alilete.

Shaha akasogea f3, farasi akarudi f5, askofu akamla farasi, askari akamla askofu. Sasa zilibaki ngome mbili, mashaha wawili, na askari watano kwa watano. Hii ndiyo awamu ambayo orodha imeiita mchezo wa mwisho. Kosa lake ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kusoma ratiba ya mashindano: mchezo wa mwisho ni ule uchezwao siku ya kufunga. Watangazaji wa kandanda wana lala salama, neno tamu sana, lakini hayo ni masalio ya muda, na awamu hii yaweza kuwa ndefu kuliko zote zilizotangulia. Sisi tunapendekeza hatima. Neno hilo husema mwisho, tena husema kile kinachotokana na yaliyotangulia. Basi tuko katika hatima ya ngome.

Hatua ya 35 ndiyo iliyoufanya mchezo huu ukumbukwe. Askari wa Capablanca aliyeko c3 analika. Ngome ya Tartakower iko tayari mbele yake. Mchezaji wa kawaida angeirudisha ngome yake kumlinda. Capablanca hakumlinda. Alimtembeza shaha wake hadi g3, akiwaacha nyuma askari wake. Ngome ikamla askari wa c3, tena kwa hodi. Shaha akaenda h4. Baadaye kidogo ngome ikamla na askari wa f4, kwa hodi tena. Shaha akaenda g5. Askari watano wamekuwa watatu, na wa adui bado ni watano.

Kwa maneno ya orodha tulisema: Capablanca ametoa dhabihu ya askari wawili. Pakawa kimya. Mwalimu mstaafu alisema dhabihu ni ya madhabahuni. Mwingine akauliza kama ni kafara, ya kuondoa balaa. Mzee wa kwanza alikuwa akiutazama ubao muda wote huo, na hakuonyesha kushtuka hata kidogo kwa hesabu ya watatu kwa watano. Akasema: "Hakutoa chochote, mwanangu. Amemlisha. Mtu akiwa anakula hatazami mlango." Tulimwuliza kwa nini hesabu haimtishi. Akatukumbusha sheria ya bao: safu ya mbele ikiwa tupu umeshindwa, hata kama safu ya nyuma umejaza kete. Mwenye kuhesabu kete hajui bao. Kisha akaonyesha shaha wa Capablanca na askari wa g6 aliye karibu naye, na ngome iliyo h7, akasema, "Huyu sasa ana mtaji."

Tukaona haya kidogo, kwa sababu katika orodha kulikuwa na istilahi ya maneno saba kwa jambo hilo. Mtaji katika bao ni hali ya kuwa na mchezo wa kula ulio tayari. Asiye na mtaji hutakata tu, yaani huzungusha kete bila ya kula. Na mtaji wa dukani ni fedha iliyotolewa leo ili ilete zaidi kesho. Maana zote mbili zilikuwa ubaoni mbele yetu. Istilahi yenye maana mbili kwa kawaida tunaikataa, na kanuni hiyo ni njema. Lakini hapa maana hizo hazipingani, na twaiomba kamati isiitumie kanuni hiyo kwa upofu.

Hatujasema kwamba bao latosha kwa kila kitu. Hatua ya 39 ilitufundisha hivyo. Shaha wa Capablanca yuko g5, na ubavuni pake, f5, yuko askari wa Tartakower asiye na mlinzi. Analika bila ya gharama. Capablanca hakumla. Alipita kando, akaingia f6. Wazee watatu wakapaza sauti kwa pamoja: kwa nini hali? Katika bao mtu mwenye kula lazima ale. Sheria haimpi hiari. Hiari yake iko mahali pengine, kama vile anapofika katika nyumba yake akachagua kulala au kusafiri. Wanafunzi ndio walioeleza: askari yule wa adui, akiwa amesimama f5, anaufunga mstari nyuma ya shaha, na ngome ya Tartakower haiwezi kupiga hodi kutoka upande ule. Adui amekuwa mwavuli. Na wakati huo huo ngome ya Capablanca yatishia kushuka h8, ambapo shaha wa Tartakower hatakuwa na pa kwenda. Askari wa f5 aliliwa baadaye, katika hatua ya 42, mwavuli ulipokuwa hauna kazi tena.

Kwa jambo hili, kuacha kula kwa makusudi, hatukupata neno katika bao, wala haikuwezekana tulipate, kwa kuwa mchezo wenyewe hauna jambo hilo. Mwanafunzi mmoja alipendekeza kufunga, kama mwezi wa Ramadhani. Likapendwa sana, lakini kufunga katika michezo yetu ni kutia goli, na huko nako kuna wenyewe. Kwa sasa twasema kuacha kula, maneno mawili ya kawaida. Si lazima kila jambo lipate neno moja.

Yaliyosalia yalikwenda mbio. Ngome ilikula askari wa c7, kisha wa a7. Shaha akamla wa f5, kisha wa d5. Askari wa g alifika g7, mraba mmoja tu kabla ya kupanda cheo. Askari wa d naye akaanza kutembea akiwa na njia nyeupe mbele yake, na hapa tunapendekeza askari mwenye njia badala ya askari mpitaji wa orodha, kwa sababu mpitaji ni mtu asiyetuhusu. Katika hatua ya 52 askari huyo alipofika d6, Tartakower akakubali kushindwa. Mzee wetu alitaka kujua kwa nini aliacha wakati shaha wake bado yupo. Wanafunzi wakamwambia kwamba mafundi wakuu hawangoji mati. Alitikisa kichwa, yeye angengoja.

Kuna swali la haki ambalo wasomaji watatuuliza: je, watoto wa Mbeya au wa Kigoma, ambao hawakukulia katika baraza la bao, watafaidika nini na kunamua na mtaji? Tumelifikiria. Kula na mnyambuliko wake ni mali ya kila msemaji, awe wa Moa au wa Kalemie. Kunamua, kutakasia na mtaji wa bao vitahitaji kufundishwa, kama vile ufunguzi wa orodha ungehitaji kufundishwa upya kwa maana isiyo yake. Tofauti ni kwamba nyuma ya maneno haya wako watu wawezao kuulizwa. Uganda mchezo huu umekwisha kutoka katika mtaa wa Katwe ukafika Olimpiadi ya sataranji, pale Phiona Mutesi alipoiwakilisha nchi yake. Afrika ya Mashariki haina upungufu wa watoto wa kuucheza. Wanafunzi wetu wawili wa Tanga walikuwa wakicheza vizuri kabisa, lakini walipotaka kueleza kwa nini hatua fulani ni nzuri walihamia Kiingereza, na Kiingereza chao hakikuwafikisha mbali. Walijua zaidi ya walivyoweza kusema. Orodha waliyoandikiwa haikuwasaidia kusema.

Tumeirudisha rasimu kwa waandishi wake. Tumeomba majina ya kete yabaki, ila cheo cha bingwa kigeuzwe. Majina yaliyoundwa kwa ajili ya kuondoa kete ubaoni yafutwe yote, na mahali pake viandikwe vitenzi pamoja na mifano ya sentensi kutoka mchezo kamili. Na kabla ya kurudi kwetu isomwe kwa sauti mahali penye wachezaji. Wanafunzi wawili wamekwisha kuahidi kuisoma. Mzee wetu amesema atakuwapo, kwa sharti kwamba safari hii watu waje na ubao wa bao vilevile, kwani hawezi kukaa saa tatu akiutazama mchezo wa watu wengine.